Bati Kwanza, Feni Baadaye

Kwa mafundi wengi wa Ujiji, karakana ni chumba cha uani au banda lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba: mita 3 kwa 4, paa la bati, mlango wa mbao na dirisha moja. Humo mtu anaranda mbao, anashona nguo au anafungua injini ya boti. Ikifika saa nane mchana, hasa Septemba na Oktoba mvua zikiwa bado hazijashika, banda halikaliki. Wazo la kwanza ni kwenda dukani kununua feni. Ushauri wangu ni kwamba fedha hiyo ianzie juu, kwenye bati.

Hesabu yake si ngumu. Jua la mchana mweupe, katika eneo lililo karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, humwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Banda la mita 12 za mraba linabeba kilowati 12 juu ya paa. Tuseme ni robo tu ya joto hilo inayoshuka ndani: hizo ni kilowati 3. Katika nchi za baridi, anayechonga mbao kwenye banda la gari wakati wa theluji hununua hita ya umeme ya wati 1,500 ili vidole visigande. Fundi wa Ujiji anafanya kazi chini ya hita mbili za namna hiyo, zinazowaka bure na zisizo na swichi.

Joto hilo halimfikii kwa njia ya hewa peke yake. Bati lililochemka hurusha mnururisho moja kwa moja utosini na mabegani, hata kama hewa inapita. Ukitaka uhakika, simama chini ya bati saa saba mchana, kisha shika kipande cha boksi juu ya kichwa. Nafuu utaisikia papo hapo, ingawa hewa ya chumbani ni ileile. Feni haiwezi kufanya kazi ya kile kipande cha boksi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulizuia jua lisinywewe na bati. Bati lenye kutu hunywa joto kwa wingi, lakini rangi nyeupe ya mabati ikiwa safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga juu. Sugua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo upake nyeupe, na ulioshe paa vumbi likikaa. Usikimbilie chokaa mbichi kwa sababu ni rahisi: ni kali, inaweza kula zinki inayolinda bati lako.

Hatua ya pili ni dari. Si lazima iwe jipsamu. Mbao nyembamba, jamvi au hata maboksi yaliyopigiliwa vizuri hukata mnururisho, mradi kuwe na nafasi ya hewa kati yake na bati, na nafasi hiyo iwe na matundu pande zote mbili ili hewa ya moto itoke. Anayechomelea vyuma asitumie maboksi wala jamvi. Cheche moja inatosha kuteketeza banda.

Hatua ya tatu ni kuualika upepo. Ziwa Tanganyika liko magharibi mwetu. Mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi. Tatizo ni kwamba jua la alasiri nalo linatoka upande huohuo. Dirisha la magharibi basi liwe pana lakini lifunikwe na upenu mrefu au kibaraza, na ukuta wa mashariki uwe na tofali za matundu karibu na dari. Hewa ya ziwani iingie chini, ya moto itokee juu. Mwenye mwembe uani, na Ujiji miembe haina uhaba, ahamishie kivulini kazi za kuranda na kupiga msasa. Vumbi nalo litabaki nje.

Ukishafanya hayo, sasa feni ina maana. Feni haipozi hewa. Inaharakisha jasho kukauka na kuondoa joto mwilini. Ngozi ya binadamu ina takriban nyuzi 35, kwa hiyo hewa ya nyuzi 29 au 30 ikipulizwa husaidia kweli. Ndani ya banda lililofikia nyuzi 38, unajipulizia hewa yenye moto kuliko ngozi yako.

Pangaboi chini ya bati tupu husukuma chini hewa ya moto iliyojikusanya juu, na katika banda fupi ni hatari kwa anayenyanyua ubao mrefu. Feni ya kusimama hugongwa na kuzungukwa na nyaya. Kwa karakana ndogo, feni ya ukutani inafaa zaidi, ikikaa nyuma ya fundi na kupuliza kuelekea mlangoni ili vumbi lisimrudie usoni. Ukitaka feni ya kutoa hewa nje, pima chumba: mita 3 kwa 4 kwa kimo cha mita 3 ni mita 36 za ujazo. Kuibadili hewa mara 20 kwa saa kunahitaji feni ya mita za ujazo 720 kwa saa. Namba hiyo itafute kwenye boksi kabla ya kulipa.

Kiyoyozi kwa kawaida ni hasara hapa. Feni ya wati 70 ikifanya kazi saa 8 inakula kama nusu uniti. Kiyoyozi kinachovuta kilowati 1.2 muda wote huo kitakula uniti zaidi ya 9, na kwenye banda lenye nyufa kitapoza uchochoro, huku vumbi la mbao likiziba chujio lake. Feni za maji hufaa mahali pakavu kama Dodoma; ufukweni, hasa wakati wa mvua, hewa imeshashiba unyevu na maji ya feni hayakauki upesi.

La mwisho ni usalama. Pasi ya mkaa ya fundi cherehani hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na jenereta huitoa kwa wingi zaidi. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha. Pasi iwashwe nje na itumike penye hewa inayopita. Penye petroli au mvuke wa tina ya rangi, usiwashe feni ya kawaida: mota na swichi huweza kutoa cheche. Fungua mlango na dirisha, subiri.

Mwenye fedha ya jambo moja tu mwezi huu, apige dari, ingawa nimeiita hatua ya pili, maana ndiyo inayokata mnururisho wa bati. Mwezi ujao apake rangi, kisha atoboe matundu ya mashariki. Wengi wakifika hapo hugundua kwamba feni waliyohitaji ni ndogo kuliko ile waliyotaka kununua mwanzoni.