Bata wa Aktiki anakunywa bahari, wewe usijaribu

Tangu video ya bata wanaoelea kati ya mabonge ya barafu ianze kuzunguka kwenye simu, maswali ya wasomaji yamenifikia kwa wingi. Wengi wanataka kujua jambo moja: huyu ndege anakunywa maji gani? Msomaji mmoja, hata hivyo, ameambiwa na muuza dawa kwamba ndege wa baharini hawaugui kwa sababu ya chumvi, hivyo glasi ya maji ya bahari kila asubuhi itamsafisha damu. Swali la kwanza limenifurahisha. Hili la pili limenikera, na nitalijibu bila kumung'unya maneno.

Tuanze na ndege mwenyewe. Ni eida wa Steller, ambaye wanasayansi humwita Polysticta stelleri, mdogo zaidi kati ya aina nne za bata bahari waitwao eida waliopo duniani. Kwa kawaida uzito wake haufiki kilo moja, ilhali eida wa kawaida hufika kilo mbili. Jina lake linatokana na Georg Wilhelm Steller, mtaalamu wa viumbe kutoka Ujerumani aliyefika Alaska mwaka 1741 katika msafara wa Vitus Bering. Dume ana kichwa cheupe, koo jeusi na kifua chenye rangi ya kutu. Jike ni wa kahawia iliyokoza, rangi inayomficha anapoatamia. Wengi hutaga kwenye tundra ya Siberia, karibu na mito ya Lena, Indigirka na Kolyma, na wachache sana hutaga kaskazini mwa Alaska, karibu na mji wa Utqiaġvik. Majira ya baridi huwakuta kwenye pwani za kusini magharibi mwa Alaska, na wengine huko Ulaya, kwenye Varangerfjord nchini Norwei.

Wapo walioniandikia kwamba ndege huyu ana damu ya moto isiyo ya kawaida. Hana. Joto la mwili wake ni la ndege yeyote, nyuzi 40 au 41 hivi, na kuku wako nyumbani analo hilo hilo. Kinachomkinga ni hewa iliyonaswa ndani ya vinyoya laini, chini ya manyoya ya juu yasiyopitisha maji. Miguu iliyo wazi ina mpango wake: mshipa unaopeleka damu ya moto chini umepakana na ule unaorudisha damu ya baridi juu, basi joto huhamia kwenye damu inayorudi mwilini kabla halijapotelea majini. Nyayo hubaki za baridi, lakini hazigandi.

Hakuna katika hayo kinachoweza kuhamishwa kwa kupaka. Nalisema hili kwa sababu bado kuna watu wanaouza mafuta ya bata kama dawa ya kifua cha mtoto. Nimonia husababishwa na vimelea vilivyo ndani ya mapafu, na mafuta ya ngozini hayavifikii. Mtoto anayepumua haraka, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kila saa inayopotea kwa kumsugua kifua ni saa iliyoibwa kwenye matibabu yake.

Sasa nije kwenye chumvi, ambako ndipo mwili wa bata huyu unaponishangaza zaidi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Hata eida asingekunywa tone, chumvi ingemwingia tu, maana hula kome, konokono wa baharini na vijidudu vya jamii ya kamba, viumbe ambao majimaji ya miili yao yana chumvi sawa na bahari inayowazunguka. Kome humezwa mzima na gamba lake, firigisi likamsaga, na chumvi yote ikaingia kwenye damu. Figo za ndege haziwezi kuitoa peke yake. Kwa miaka mingi wanasayansi hawakujua inakotokea, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walipoonyesha kwamba hutokea puani.

Juu ya kila jicho, kwenye mfereji mdogo uliochongeka katika fuvu, bata bahari ana tezi iliyopinda kama mwezi mwandamo. Ndani yake mna vijifereji vingi vyembamba, na seli za kuta zake zimejaa pampu za kemikali zinazofanya kazi kwa nguvu kubwa. Upande wa seli unaogusana na damu, pampu hizo husukuma sodiamu nje ya seli bila kupumzika. Kwa kuwa sodiamu inapungua ndani, sodiamu nyingine kutoka kwenye damu hulazimika kuingia, nayo inapoingia huvuta kloridi pamoja nayo. Kloridi hurundikana ndani ya seli, kisha hupenya upande wa pili, kwenye kijifereji. Sodiamu huifuata kwa kupita katikati ya seli na seli. Matokeo yake ni majimaji makali kuliko bahari yenyewe. Shakwe waliopimwa walitoa majimaji yenye chumvi ya takriban asilimia 5, wakati ya bahari ni karibu 3.5. Majimaji hayo hushuka hadi kwenye matundu ya pua, yakachuruzika mdomoni, na ndege hutikisa kichwa kuyarusha. Watazamaji wa ile video wanaodhani bata ana mafua wameiona tezi ikifanya kazi.

Hata bata wa kufugwa anayo tezi hiyo, ila ndogo. Ukimpa maji ya chumvi kwa siku kadhaa, tezi hukua na pampu zake huongezeka. Ukimrudishia maji matamu, hupungua tena. Fikiria basi maana yake kwa kifaranga wa eida, aliyeanguliwa kando ya dimbwi la maji matamu la tundra na kujitafutia mabuu ya wadudu. Baada ya majuma machache atakuwa baharini, na mwili wake sharti uwe umeikuza tezi ya kumudu chumvi hiyo.

Sisi binadamu hatuna tezi hiyo. Tuna figo tu, na figo zetu haziwezi kutengeneza mkojo mkali kiasi cha kuishinda bahari. Ukinywa lita moja ya maji ya bahari, utahitaji karibu lita moja na nusu ya mkojo ili kutoa chumvi hiyo pamoja na taka nyingine za mwili. Nusu lita inayopungua inatoka kwenye seli zako, za ubongo zikiwemo, ndiyo sababu aliyepotea baharini akanywa maji hayo huchanganyikiwa kabla ya kupata degedege na kufa. Kuharisha kunakofuata glasi ya asubuhi, ambako wauzaji hukuita kusafishika, kunaletwa na magnesiamu na salfeti zilizomo ndani yake. Damu haisafishwi kwa kuharisha. Anayemuuzia mgonjwa wa figo au wa shinikizo la damu maji hayo anamwumiza kwa malipo, na akimpa mtoto mdogo anaweza kumuua. Mtu anayeharisha apewe ORS, mchanganyiko wa kurudisha maji mwilini: lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na glukosi inayosaidia utumbo kuifyonza. Mvuvi anayeenda mbali abebe maji ya kutosha, na akikwama asiguse ya bahari hata kidogo.

Turudi kaskazini, maana tezi peke yake haimtoshi ndege huyu. Kutaga kwake kunafuata lemingi, wale panya wadogo wa tundra. Karibu na Utqiaġvik, mwaka ambao lemingi ni wengi, eida hujenga viota. Lemingi wakiadimika, eida anaweza asitage kabisa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lemingi wakijaa, mbweha wa Aktiki hushiba kwao na kuacha mayai. Pia bundi weupe na ndege waitwao skua hukaa kuzaliana palipo na lemingi, nao huwafukuza mbweha wanaosogelea maeneo yao. Eida hutaga jirani na walinzi hao, ingawa walinzi wenyewe ni wawindaji.

Baada ya kuzaliana huja kipindi cha hatari. Manyoya ya kurukia hupukutika yote kwa pamoja, na kwa takriban majuma matatu ndege hawezi kuruka. Maelfu hukusanyika kwenye laguni ya Izembek, Alaska, yenye mojawapo ya malisho makubwa zaidi ya nyasi bahari duniani. Maji ni ya kina kifupi na chakula kiko tele kati ya nyasi, kwa hiyo asiyeweza kuruka anaweza kula bila kwenda mbali.

Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliwaweka eida wanaotaga Alaska kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Kwenye delta ya Yukon na Kuskokwim walikuwa karibu wametoweka. Sababu moja inayotajwa ni marisau, zile chembe za risasi za bunduki zinazobaki matopeni, ambazo bata humeza akidhani ni changarawe. Firigisi huzisaga, asidi ya tumbo huziyeyusha, na mwili huipokea risasi ukidhani ni kalsiamu. Jike yuko hatarini zaidi, kwa sababu msimu wa kutaga mwili wake hutafuta kalsiamu kwa pupa ili kutengeneza magamba ya mayai. Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi katika uwindaji wa bata mwaka 1991, lakini yaliyokwisha zama yamebaki humo humo.

Udanganyifu huo wa kalsiamu hutupata nasi. Risasi hujificha mifupani mwa mwanamke, na anapopata mimba hutoka na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Wanaoyeyusha betri za gari kupata chubwi za mishipi waache kabisa kufanya hivyo nyumbani, na sufuria iliyotumika isirudi jikoni.

Huko Izembek mzozo wa sasa ni wa barabara. Wakazi wa mji wa King Cove wanataka ipite kwenye hifadhi ya Izembek hadi uwanja wa ndege wa Cold Bay, ili wagonjwa mahututi wasafirishwe hali ya hewa inapochafuka. Mwaka 2013 Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani, Sally Jewell, aliikataa, na mvutano umeendelea chini ya mawaziri waliomfuata na mahakamani. Mama anayejifungua katikati ya dhoruba ana haki ya kufika hospitali, na siwezi kumdharau anayeipigania barabara hiyo kwa ajili yake. Hata hivyo, malisho ya nyasi bahari yakiharibika, bata asiye na manyoya ya kurukia hatakuwa na njia ya kuhamia laguni nyingine. Anayetetea usafiri mwingine kwa wagonjwa hao sharti aonyeshe nani ataulipia na utafanyaje kazi usiku wa dhoruba.