Haut-Katanga: vitabu vya zamani vyenye picha vinafungia karanga Mokambo

Mokambo ni mpaka wa malori. Wanaokuja hapa wanafuata mizigo, makaratasi ya forodha, unga wa mahindi unaotoka Mufulira, ama njia ya mkato ambayo watu wa Zambia wanapita ndani ya inchi yetu kwenda Luapula. Hakuna anayekuja kutafuta kitabu. Mimi pia sikuja kwa ajili hiyo. Nilinunua karanga za franka 500 kwa mama mmoja anayeuza karibu na fasi malori yanaposimama, na nilipomaliza kula nikafungua ile karatasi ili niitupe. Ndani yake kulikuwa mchoro wa wino mweusi: puto kubwa linaelea angani, kikapu kinaning'inia chini yake, na watu walio chini wameinua mikono.

Nilirudi kwa yule mama. Alikuwa bado na karatasi za namna hiyo ndani ya mfuko, zimechanwa tayari, zimepangwa kwa ukubwa. Mtoto wa jirani ndiye alimuuzia, kwa kilo, pamoja na madaftari ya shule.

Kitabu chenyewe si kigeni kwa watu waliosoma shule za zamani. Ni Cinq semaines en ballon cha Jules Verne, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka Paris mwaka 1863. Wazungu watatu wanapanda puto Zanzibar na kukata Afrika nzima mpaka Senegal. Miaka miwili baadaye kikatolewa tena na picha za Riou na Montaut, na kuanzia hapo mchapishaji wake, Hetzel, akajenga jina lake juu ya vitabu vya namna hiyo: karatasi nene, majalada mekundu yenye dhahabu, picha kila baada ya kurasa chache. Jalada moja linalotafutwa sana na wakusanyaji wa Ulaya lina vichwa viwili vya tembo. Hetzel alikufa mwaka 1886, na nyumba yake ya vitabu ikauzwa kwa Hachette mwaka 1914.

Kitabu kama hicho kilifikaje mpaka Mokambo? Njia ni nyingi, na zote zinajulikana Katanga. Mapadri na masista walileta vitabu kwa shule zao. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa na kambi, mashule na wazungu wenye makabati ya vitabu nyumbani. Mwisho wa mwaka wa shule, mtoto aliyeshinda wenzake alipewa kitabu chenye jalada la dhahabu kama zawadi. Kisha ikaja 1960, vita vya Katanga kujitenga, Zairianisation ya Novemba 1973, na uporaji wa Oktoba 1991 pale Lubumbashi. Kila mara watu waliondoka mbio. Mtu anayekimbia anabeba nguo, feza na watoto. Kabati la vitabu linabaki. Ndiyo maana mpaka leo, pembeni ya barabara za Lubumbashi, unaweza kukuta kitabu cha miaka mia moja kimelala kati ya masomo ya hesabu na vitabu vya sala.

Mokambo kuna mtu mmoja anayeviokota. Ni mwalimu mstaafu, na ameomba tusiandike jina lake kwa sababu nyumba yake haina ukuta. Watu wa mtaa wanamuita Mwalimu tu. Anavyo vitabu kumi na vinne vyenye picha, ndani ya sanduku la chuma lililowekwa juu ya meza. Kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, kwa ajili ya mchwa. Aliniambia niketi, akaosha mikono, akaifuta mpaka ikakauka kabisa, ndipo akafungua.

Cha kwanza alichonionyesha ni Hadithi za La Fontaine zenye michoro ya Gustave Doré. Toleo la kwanza la kazi hiyo lilitoka kwa Hachette mwaka 1867, miaka minne baada ya Don Quichotte ya mchoraji huyo huyo. Cha Mwalimu si toleo la kwanza. Ni moja kati ya yale yaliyorudiwa baadaye. Hilo halimsumbui. Alinifundisha kutazama mchoro kwa pembeni, karibu na dirisha, ili nione namna mistari ilivyokaa. Doré alichora juu ya kipande cha mbao, halafu fundi mwingine akachonga mbao hiyo mstari kwa mstari, akiacha juu kile kinachopaswa kushika wino. Jina la fundi linakuwa kwenye kona ya picha, na la Doré kwenye kona nyingine. Kati ya wale wanaosifu picha hizo, ni wachache wanaosoma lile jina la pili.

Sanduku lake linaonyesha vizuri mpaka ulivyo. Nusu ni Kifaransa, nusu ni Kiingereza. Kutoka upande wa Zambia amepata vitabu vya rangi ya machungwa vya African Writers Series, mfululizo wa Heinemann ulioanza mwaka 1962. Anayo No Longer at Ease ya Chinua Achebe, yenye michoro ya Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Ni kijitabu cha bei ndogo, cha wanafunzi, kilichokunjika pembe. Kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote humo ndani: mwandishi Mwafrika, mchoraji Mwafrika, na kilichapwa ili kijana wa shule aweze kukinunua.

Maana vitabu hivi vya zamani vina ubaya wao pia. Katika ile safari ya puto, kuna pahali ambapo wasafiri wanadhani wamezungukwa na watu weusi, kumbe ni nyani, na mwandishi anafanya mzaha juu ya kosa hilo. Mwalimu hafichi ukurasa huo. Wanafunzi wakimtembelea, anawasomesha kwa sauti, kisha anawauliza ni nani alikuwa anacheka, na ni nani alikuwa anachekwa. Ni sawa na Tintin au Congo: kitabu cha kwanza cha mwaka 1931 kinatafutwa kwa feza nyingi, lakini hata Hergé mwenyewe alibadilisha mambo katika toleo la rangi la 1946. Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alikishitaki Brussels, na mwaka 2012 tribinali ikakataa ombi lake. Watu wanaendelea kukinunua, na wanaendelea kubishana.

Kitabu ambacho Mwalimu angependa kukishika kabla hajafa hakimo ndani ya sanduku. Kinaitwa L'éléphant qui marche sur des œufs, kilichapwa Brussels mwaka 1931, jina la mwandishi ni Badibanga, na picha ni za Djilatendo, fundi wa Kasai. Ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa vya hadithi kwa Kifaransa vyenye jina la Mkongomani juu yake. Wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani iliandikwa na Badibanga na ni ipi ilitoka kwa mkono wa Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyesimamia mambo hayo. Juu ya picha hakuna ubishi.

Na Katanga ina sehemu yake katika habari hiyo. Mwaka 1926, Thiry alikuwa Bukama. Aliona nyumba zilizopakwa michoro ukutani, akampa Albert Lubaki, mchonga pembe za tembo, karatasi na rangi za maji. Lubaki na mke wake Antoinette wakachora: mamba, ndege, watu. Mwaka 1929 kazi hizo zikaonyeshwa Brussels. Mnamo 2015 zikatundikwa tena Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo. Mtu wa Bukama anayetaka kuziona leo anahitaji pasipoti, viza na tiketi ya ndege.

Sasa tuje kwenye feza, kwa maana swali hilo watu wanaliuliza kwanza. Kitabu kuwa cha zamani hakitoshi. Hetzel na Hachette walichapa kwa maelfu, na vingi ni vya bei ya kawaida tu. Anayenunua anahesabu picha moja moja. Ikikosekana moja, bei inaanguka. Anatazama kama jalada ni la asili, kama mgongo umeshonwa upya, kama madoa ya kahawia yamefika kwenye michoro. Sikochi ndiyo adui mkubwa kuliko mchwa: gundi yake inakula karatasi, na huwezi kuitoa bila kuchana. Mfuko wa plastiki nao, wakati wa mvua, unafungia unyevu ndani.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo ya pili. Alitaka La Fontaine peke yake, na alitoa bei nzuri kwa dola. Mwalimu alifurahi, mpaka alipoelewa kazi ambayo kitabu kingefanya. Mnunuzi angekikata, kila mchoro uwekwe kwenye fremu yake, uuzwe kwa mahoteli. Biashara hiyo iko duniani kote, na mara nyingi picha zilizotengwa zinaleta feza kuliko kitabu kizima. Ni halali. Hata hivyo mimi nikiiona, naona mtu anayechinja ng'ombe wa maziwa.

Lakini mimi silipi minerval ya mtu. Mjukuu wa Mwalimu anasoma Lubumbashi, na malipo ya uzee ya babu hayafiki kwa wakati. Mke wake amekwisha kusema maoni yake: kitabu hakijawahi kula, mtoto anakula kila siku. Mwalimu hamkatai. Amemuomba mnunuzi amngoje mpaka mwisho wa mwezi, na kwa sasa anamwandikia padri mmoja wa zamani kuuliza kama kuna shule yenye biblioteke ambayo ingekinunua kizima, hata kwa bei ya chini.

Jioni tulirudi wote wawili kwa yule mama wa karanga. Zilikuwa zimebaki karatasi tisa za safari ya puto, tatu zenye picha. Mwalimu alizinunua zote, akaziweka katikati ya gazeti ili zisikunjike. Mama aliziangalia zikiondoka, akatuuliza kama lile gazeti pia tungeweza kumwachia, kwa sababu kesho hana kitu cha kufungia.