Mnara wa Taa wa Chumbe kwa Manila: Siri Ni Kamba

Kama umekulia Litein ama Sotik, maji mengi umeona ni mvua kwa majani chai. Hiyo haikuzuii kujenga mnara wa taa wa Chumbe, ule wa 1904 unaoelekeza meli Zanzibar. Broo wangu mdogo aliitishwa modeli shule, akaniambia jioni, deadline kesho. Asante sana.

Anza na picha. Mlango wa mtu ni kama mita 2, so kwa skeli ya 1:50 ni sentimita 4. Hesabu milango mingapi inatoshea juu hadi chini, umepata urefu.

Wengi huanguka hapa: wanakunja manila kama chapo, inatoka bomba. Mnara hukonda ukipanda. Sema urefu 30, upana chini 6, juu 4. Piga msumari sakafuni (omba matha ruhusa), funga kamba, chora duara ya 90, halafu ya 60. Kwa ile kubwa pima 19, ongeza 1 ya gundi, kata ukielekea msumari. Kunja, inakonda yenyewe.

Rangi iwe ya mafuta. Nilitumia ya maji na Kericho ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mnara ulikuwa umeinama kama mlevi wa end month. Broo aliubeba hivyo hivyo.