Msitu Ukatwapo Kupanua Barabara, na Miti Ipandwayo Badala Yake

Barabara kuu ipitayo msituni ikipanuliwa, miti hukatwa kwa siku chache, na kwa kawaida hutolewa ahadi kwamba mingine itapandwa badala yake, pengine miwili, pengine kumi, kwa kila mmoja ulioanguka. Ahadi hiyo ni njema. Lakini mkulima akaaye karibu na msitu yampasa aifahamu vizuri, maana yeye ndiye atakayeona kwanza kama chemchemi imepungua, na mara nyingi yeye ndiye atakayeitwa kuipanda miche ile na kuipalilia. Karatasi hii yaeleza mti wa badala wafaa kwa lipi, na haufai kwa lipi.

Jambo hili si la mbali. Katika Kenya, mwishoni mwa mwaka 2025, ilizinduliwa kazi ya kuipanua barabara itokayo Rironi, karibu na Limuru, kupita Naivasha na Nakuru hata Mau Summit, mwendo wa kilomita 175 hivi. Njia hiyo hupita katika nchi ya baridi na ukungu ya Kinale, penye msitu, kabla ya kuteremka kwenye Bonde la Ufa. Na katika Nairobi yenyewe, msitu wa Karura, uliotengwa kwa sheria mwaka 1932, umekwisha kukatwa vipande na barabara.

Watu hudhani kwamba ukanda mwembamba ni kitu kidogo. Na tuhesabu. Ikikatwa mita 15 kila upande wa barabara, jumla yake mita 30, basi kila kilomita moja imekula hekta 3, yaani zaidi ya ekari 7. Kilomita 10 za msitu zitatwaa ekari 74. Tena hasara haikomi palipokoma shoka. Mti uliokulia katikati ya wenzake ni mrefu na mwembamba, haukuzoea upepo; wenzake wakiondolewa, huangushwa na dhoruba ya kwanza. Jua huingia mahali palipokuwa na kivuli, majani marefu huota, yakikauka hushika moto kwa kipande cha sigara kilichotupwa na msafiri. Kwa hiyo msitu huendelea kupungua pembeni miaka kadhaa baada ya tingatinga kuondoka.

Sasa tutazame ardhi, kwa kuwa hapo ndipo shamba la mkulima linapoguswa. Chini ya msitu wa zamani udongo ni mwepesi, umejaa majani yaliyooza, na vijia vya mizizi na nyungunyungu. Mvua ikinyesha maji hayakimbii. Huzama polepole, kisha hutokea bondeni baada ya wiki nyingi, wakati wa kiangazi, katika chemchemi na vijito. Udongo ule ukikwanguliwa na kushindiliwa kwa mashine, hauna tena nafasi ya kunywa maji. Na lami haiwezi kunywa hata tone. Maji yote yaliyoanguka juu ya barabara hukusanywa mitaroni, hupitishwa katika kalvati, na kutolewa upande wa pili kwa nguvu. Mara nyingi upande huo wa pili ni shamba la mtu. Katika masika moja tu mfereji mdogo wa mahindi waweza kuwa korongo lisilovukika kwa ng'ombe.

Yafaa kusema wazi kwamba madhara haya ya maji hayaponywi na miche iliyopandwa katika wilaya nyingine. Dawa yake iko hapo hapo, nayo ni kumwuliza mhandisi, kabla ya mawe kupangwa, kila kalvati itatoa maji wapi. Kubadili mahali pa kalvati kwenye karatasi ni kazi ya dakika chache. Kuibadili baada ya lami kukauka ni taabu kubwa. Maji hayo yaweza hata kuwa faida. Katika Makueni, penye ukame, wako wakulima wayaongozao maji ya barabara kwa mifereji hadi kwenye matuta ya fanya juu, au kwenye silanga, wakapata unyevu wa mahindi na maembe ambao jirani zao hawana. Lakini mfereji huo sharti uchimbwe kwa mteremko mdogo, na penye kutoka maji papangwe mawe, au sivyo mkulima atakuwa amelikaribisha korongo shambani mwake.

Turudi kwenye miti. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 69, yaagiza serikali ijitahidi kupata na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya nchi. Hesabu iliyotolewa kwa mwaka 2021 ilionyesha kwamba miti ya kila namna, pamoja na ile ya mashambani, ilifunika asilimia 12.13, lakini msitu wenyewe ulikuwa asilimia 8.83. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo maana ya karatasi hii. Mgrivilea uliopandwa mpakani ni mti, nao una faida kubwa ya kuni, mbao na kivuli. Lakini migrivilea elfu iliyopangwa kwa mistari si badala ya msitu wa mierezi, mieri na miti mingine iliyoota yenyewe, yenye umri mbalimbali, pamoja na mimea ya chini na nyuki na ndege wapandao mbegu bila ujira.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kutafuta si miche bali njia ya kuuacha mti usimame. Yawezekana. Ilipojengwa barabara ya kulipia ya Nairobi, kilomita 27 toka Mlolongo hata Westlands, palikuwa na mugumo mkubwa sana katika Waiyaki Way uliokuwa katika njia ya kazi. Ilikusudiwa uondolewe. Watu walilalamika, maana kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa heshima na wa kuombea, na katika Novemba 2020 ikatangazwa amri ya Rais kwamba usiguswe. Mti ukabaki, na barabara ikafunguliwa mwaka 2022 kama ilivyokusudiwa. Mti mmoja si msitu, ni kweli. Lakini wale wasemao kwamba haiwezekani kupindisha mstari wa mhandisi wana jibu lao pale Westlands.

Pale ambapo hapana budi kukata, sheria ina mlango wake. Msitu wa umma hauwezi kupunguzwa mipaka kwa neno la mtu mmoja: sheria ya misitu ya mwaka 2016 yataka ombi lipelekwe Bungeni, katika Bunge la Taifa au Seneti. Tena kazi kubwa ya barabara hutanguliwa na uchunguzi wa madhara kwa mazingira, na wananchi hupewa nafasi ya kusema. Wakulima wengi huipuuza nafasi hii, kisha hunung'unika wakati magogo yamekwisha kupakiwa. Na waende, na wasiulize tu miche itakuwa mingapi. Waulize itapandwa katika ardhi gani, ya nani. Ni ya aina gani. Nani ataipalilia mwaka wa pili na wa tatu, na kwa fedha zipi.

Swali la fedha si la ukorofi. Huko Bara Hindi sheria ya mwaka 1980 ilizuia kutwaa ardhi ya msitu kwa kazi nyingine bila idhini ya serikali kuu, na utaratibu uliofuata ulimtaka mwenye kuitwaa agharimie kupanda miti katika ardhi ya kadiri ile ile isiyo msitu, au maradufu yake katika msitu ulioharibika. Fedha zililipwa, nyingi sana, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilikaa tu, hata ikatungwa sheria nyingine mwaka 2016 ya kuziongoza. Fedha zikilala, miche haipaliliwi.

Katika Kenya wakulima wamekuwa wakiingizwa katika kazi hii tangu zamani. Yapata mwaka 1910 ulianza utaratibu ulioitwa mtindo wa shamba: mkulima hupewa kipande cha ardhi ya msitu kilichokatwa, hulima mahindi, viazi au maharagwe katikati ya miche kwa miaka mitatu hivi, na apaliliapo chakula chake huwa amepalilia na mti. Ni njia yenye akili. Lakini ilikuwa na ubaya wake, maana mti ukikua kivuli hufukuza viazi, na wako waliokata miche kwa siri ili waendelee kulima, na wengine waliofanya maskani humo. Mwaka 2003 ulipigwa marufuku, si mara ya kwanza. Kisha, baada ya sheria ya misitu ya mwaka 2005, ukarudishwa kwa masharti mapya na jina jipya, PELIS, kwa wale walio katika vyama vya jamii vya msitu. Atakaye kupata kipande na ajiunge na chama hicho, wala asikubali kukodishiwa kipande na mtu asiye na haki nacho. Tena ajue kwamba njia hii hufaa kwa miti ya mbao ipandwayo na kuvunwa. Haifai kurudishia msitu wa asili, ambao hauhitaji jembe kila msimu.

Basi miche ipandwe namna gani? Mashimo yachimbwe mwezi mmoja kabla ya mvua, futi moja na nusu kwenda chini na futi moja na nusu upana, udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Ukipanda kwa nafasi ya futi 10 kila upande, ekari moja yatwaa miche 435. Mvua zikisha kushika vizuri, si siku ya kwanza ya manyunyu, mche huwekwa shimoni, udongo wa juu ukitangulia. Mfuko wa plastiki sharti uondolewe wote. Ajabu ni kwamba kosa hili huonekana kila mwaka, hasa siku za sherehe, wageni wanapopanda kwa haraka ili wapigwe picha: mche huzikwa pamoja na mfuko wake, mizizi huzunguka ndani kama kamba, na kiangazi kikija mti hufa ukiwa umesimama.

Baada ya kupanda, palilia duara la futi 3 kuuzunguka mche, mara mbili kila msimu wa mvua, kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Mahali pa baridi kama Kinale mche hukua polepole na majani huuzidi nguvu. Hapo na mwaka wa tatu palilia. Mbuzi wakiwapo, zungushia miiba. Mche uliokufa upandiwe mwingine katika mvua zifuatazo, usingojwe mwaka mzima.

Kuhusu aina, uliza kwanza ni miti gani iliyokuwa ikiota mahali hapo. Katika nyanda za juu, mwerezi, mueri, muringa na mukinduri zote ni za kwetu. Mbegu za mueri hazikai. Zisipopandwa mapema baada ya kuokotwa hupoteza uhai, kwa hiyo usizinunue za mwaka jana. Mugumo ni rahisi kuliko yote, kwani hushika kwa kuchomeka kijiti kinene. Taasisi ya utafiti wa misitu iliyoko Muguga huuza mbegu zilizopimwa. Mkaratusi hukua upesi na huleta fedha, lakini usiupande karibu na chemchemi wala ukingo wa mto, kwa kuwa hunywa maji mengi. Na mtu akileta mikaratusi kuwa badala ya msitu wa chemchemi, yafaa kumkatalia kwa adabu.

Neno moja kwa wenye mashamba yatakayoguswa na barabara. Ardhi yako ikitwaliwa, haki ya kulipwa ni yako kwa Katiba, na miti iliyosimama huhesabiwa pamoja na ardhi. Usingoje mthamini aje. Hesabu mwenyewe, mbele ya jirani, uandike aina ya kila mti na unene wake, uweke karatasi hiyo pamoja na hati ya ardhi. Ila miti uliyoipanda katika hifadhi ya barabara, nje ya mpaka wako, usiitegemee. Kabla ya kupanda ua wa migrivilea mbele ya nyumba, mwulize mpima ardhi mpaka wa hifadhi uko wapi, nawe upande upande wako.

Mwisho ni hesabu. Siku ya kupanda, hesabu ya miche huandikwa kwa herufi kubwa. Hesabu inayofaa ni ile ya baadaye. Tuseme yamepandwa miche 1,000, na katika kiangazi cha kwanza ikafa 400, na cha pili 200: waliobaki ni 400, hata ikiwa ubao ulio kando ya njia bado wasema elfu. Chama cha msitu na kichague watu wawili au watatu, waende mwisho wa kila kiangazi kwa miaka mitatu, wahesabu iliyo hai tu, mstari kwa mstari, wakaiandike katika daftari pamoja na tarehe. Nakala moja ibaki kwa chama, moja ipelekwe kwa afisa wa misitu, na moja kwa wale waliokata msitu na kuahidi kupanda, kabla mvua hazijaanza, ili miche ya kuziba mapengo iwe tayari kitaluni.