Mkunga, Tazama na Kinywa

Mama wa Bagira, hapa Kongo, akienda CPN, yaani kliniki ya wajawazito, hupimwa uzito na presha, tumbo hupapaswa, kisha hupewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria. Kinywa mara nyingi husahauliwa. Akisema fizi zinatoka damu, huambiwa ni kawaida ya mimba; jino likimuuma, huambiwa asubiri ajifungue. Majibu hayo yanawaumiza mama zetu, na wenye uwezo wa kuyabadilisha ni wakunga na wauguzi. Utafiti wa kitaifa wa 2013–2014 ulionyesha kwamba wanawake 88 kati ya 100 nchini Kongo walihudumiwa na mtaalamu wa afya wakati wa mimba. Sisi waganga wa meno hatuwafikii wengi kiasi hicho.

Ni kweli fizi za wajawazito wengi hutoka damu, lakini huo ni ugonjwa. Homoni za mimba hutanua mishipa midogo ya ufizi na kuufanya uvimbe upesi mbele ya utando wa vijidudu unaoganda kwenye shina la jino. Utando ukiondolewa, ufizi hutulia. Kwa hiyo anayeacha mswaki kwa kuogopa damu anauzidisha ugonjwa. Wengine huota kinyama chekundu kati ya meno. Si saratani, na aghalabu hunywea baada ya kujifungua.

Mtoto hanyonyi meno ya mama yake, ingawa wengi bado wanaamini hivyo. Meno huharibiwa na sukari na asidi ya matapishi. Mama akitapika, asukutue kwanza kwa maji, apige mswaki baada ya nusu saa.

Kuziba jino, kung'oa, hata sindano ya ganzi ya lidokaini, vyote vinawezekana katika mimba. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio wa raha zaidi, ila jino lenye usaha halingojei mwezi. Sitaahidi kwamba kutibu fizi kutazuia mtoto kuzaliwa njiti: jaribio la Marekani lililochapishwa 2006, la wanawake 823, halikuonyesha hivyo. Lilionyesha kwamba tiba ilikuwa salama, na kwa mama mwenye maumivu hiyo inatosha.

Kinachonitia hofu ni yule aliyeambiwa asubiri. Usiku maumivu humpeleka kwenye duka la dawa, na si kila dawa ya huko ni salama kwake. Tetrasaiklini, kuanzia mwezi wa tano wa mimba, hutia madoa ya kudumu kwenye meno ya mtoto. Ibuprofeni katika nusu ya pili ya mimba inaweza kudhuru figo za mtoto. Parasetamoli ndiyo ya kumtuliza mama akielekea kwa mganga wa meno.

Mkunga hahitaji mashine. Amuulize mama kama kuna maumivu au damu, ainue mdomo na kumulika kwa tochi, aandike alichokiona kwenye kadi. Taya likivimba pamoja na homa, ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.