Je, Wajua? Yaliyo Kando ya Barabara ya Mbeya

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni takribani kilomita 830, na wengi wetu huzimaliza tukiwa tumelala. Basi linatoka Mbezi alfajiri, linasimama watu wachimbe dawa, linasimama tena wanunue chipsi na kuku, na giza likiingia abiria wanateremsha mizigo Mbeya. Walipopita, walipita pia ngome ya mtemi, zana za watu wa kale na misitu yenye wanyama wasiopatikana popote pengine duniani. Hawakuona hata kimoja.

Vikundi vya kwaya, vya vikoba na vya wafanyakazi hukodi kosta kwenda misibani na harusini. Kosta hiyo hiyo inaweza kuzunguka Nyanda za Juu Kusini kwa siku sita, ikilala Iringa, Mbeya, Tukuyu na Matema. Haya ni baadhi ya mambo ambayo kikundi kikisimama kitayakuta.

Morogoro

Je, wajua kwamba panya wa kwanza kutunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika la Uingereza la PDSA alizaliwa Morogoro? Jina lake Magawa, panya buku aliyefunzwa na shirika la APOPO lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Alipelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini. Panya buku ni mwepesi, hivyo hutembea juu ya bomu bila kulilipua, na pua yake hutafuta baruti yenyewe badala ya chuma, kwa hiyo hapotezi muda kwa misumari na vizibo vya soda. Nishani aliipata mwaka 2020, akafa Januari 2022. Wenzake hunusa pia makohozi ya wagonjwa kugundua kifua kikuu ambacho hadubini imekikosa.

Safu ya Uluguru iliyo nyuma ya mji ndiyo chanzo kikubwa cha maji ya mto Ruvu, na Ruvu ndio hunywesha Dar es Salaam. Mtu wa Kinondoni akifungua bomba, amefungua mlima ule.

Mikumi hadi Kitonga

Barabara hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Twiga, pundamilia na tembo huonekana dirishani bila kulipa kiingilio, lakini mabango ya faini kwa anayegonga mnyama yapo kwa sababu: wanyama wengi hufia kwenye lami hii. Mwombeni dereva apunguze mwendo.

Mbele kuna bonde la mibuyu kando ya mto Ruaha Mkuu, mibuyu kwa mamia, kisha mlima Kitonga, ambako malori hupanda kwa gia ndogo na abiria huacha kuzungumza. Juu ya Kitonga hewa hubadilika ghafla. Toeni masweta.

Iringa: kichwa kilichoandikwa kwenye mkataba wa dunia

Hapa ningekaa siku mbili nzima, na nitakaa kidogo pia katika makala hii.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, kabla ya kufika Iringa mjini, Wahehe walivizia msafara wa jeshi la Kijerumani uliokuwa ukiongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo. Vita vile vilikwisha kwa dakika chache. Zelewski aliuawa na sehemu kubwa ya kikosi chake ikaangamia. Kambi ya jeshi ya Lugalo iliyoko Dar es Salaam, yenye hospitali inayojulikana nchi nzima, imepewa jina la mahali hapo.

Wajerumani walirudi na mizinga. Mwishoni mwa Oktoba 1894 walibomoa ngome ya mawe ya Kalenga, lakini Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alitoroka, akapigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne. Gavana wa Kijerumani alitoa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi ili asishikwe. Askari wa Kijerumani walimkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Je, wajua kwamba fuvu hilo limetajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mkataba uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza? Ni kifungu cha 246. Humo Ujerumani iliagizwa kulikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Katika mkataba uliogawa majimbo na kupanga fidia ya vita vizima, Wahehe nao waliandikiwa haki yao.

Miezi sita ilipita, ikapita miaka 30 na zaidi. Hatimaye Edward Twining, Gavana wa Tanganyika, alikwenda Bremen, Ujerumani, kwenye jumba la makumbusho lenye mafuvu takribani 2,000, akayachambua yale yaliyotoka Afrika Mashariki. Alikuwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, akalichagua fuvu lenye vipimo vinavyokaribiana na hivyo na lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi. Leo liko Kalenga, ndani ya kabati la kioo, katika jumba dogo la makumbusho ambalo kosta hulifikia kwa muda mfupi kutoka mjini. Mwili ulizikwa Mlambalasi, mbele zaidi kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Nashauri mfike kote kuwili. Kuona fuvu bila kuona kaburi ni kusikia nusu ya habari, na vijana wetu wanastahili kuisikia yote.

Palepale Mlambalasi, pango la mwamba lililo karibu na kaburi limetoa mifupa na zana za watu wa Zama za Mawe, walioishi hapo maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa.

Isimila

Takribani kilomita 20 kutoka Iringa, jirani na barabara ya kwenda Mbeya, pana korongo ambalo kila basi hulipita. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, D. Maclennan, aliokota humo mashoka ya mawe. Mwaka 1957 na 1958 mwanaakiolojia Clark Howell alichimba, akakuta zana kwa wingi mno, nyingine kubwa kiasi cha kumchosha mshikaji, pamoja na mifupa ya aina ya kiboko iliyokwisha kutoweka duniani. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1972 viliipa Isimila umri wa takribani miaka 260,000.

Zana bado ziko chini, pale pale zilipofukuliwa, na zimejengewa paa. Ukishuka zaidi utafika kwenye nguzo za udongo na mchanga mgumu zilizochongwa na maji ya mvua, ndefu kuliko nyumba. Kazi ya maji haijaisha: kila masika nguzo hupungua kidogo.

Kitulo

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa rasmi mwaka 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ni uwanda wa juu, takribani mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, wenye aina zaidi ya 350 za mimea, okidi zikiwa 45 kati ya hizo. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Nendeni kati ya Desemba na Aprili. Nje ya miezi hiyo maua ni machache.

Okidi hizi zina adui. Viazi vyake vya chini ya ardhi huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chikanda, kitoweo kinachopendwa sana. Anayechimba kiazi ameua mmea mzima.

Njia ya kwenda hifadhini kutoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, hupanda kwa kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Kosta yenye breki za mashaka isijaribu. Ipo njia ya upande wa Isyonje.

Mbozi

Ukipita Mbeya kuelekea Tunduma, mkoani Songwe, kijiji cha Ndolezi kina jiwe la kutoka angani. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa takribani mita 3, na ni chuma kwa asilimia 90 hivi, pamoja na nikeli. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza kwa wanasayansi, lakini wenyeji walikuwa wakikifahamu siku zote. Hakuna simulizi ya siku kilipoanguka, wala hakuna shimo la kishindo chake. Kwa hiyo wataalamu wanaona kilianguka zamani mno, na mvua na upepo vikafuta alama. Ili kupata kipande cha kupima, mtaalamu wa miamba alikaa saa nyingi akikikata kwa msumeno wa mkono. Alama ya msumeno bado inaonekana.

Rungwe na Tukuyu

Je, wajua kwamba Afrika ilipata jenasi mpya ya nyani mwaka 2006, baada ya miaka 83 bila kupata nyingine? Huyo ni kipunji, anayeishi katika misitu ya Rungwe na Livingstone na kipande kidogo cha Udzungwa. Watafiti walimthibitisha kati ya mwaka 2003 na 2004. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimzungumzia muda wote, na ni kwa kuwasikiliza wao ndipo watafiti walipoanza kumtafuta. Kilichowezesha kupima vinasaba vyake ni mzoga wa dume mchanga aliyenaswa kwenye mtego wa mkulima, katika shamba la mahindi. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu husema kipunji "aligunduliwa". Aliyeishi naye jirani alikuwa amemjua.

Milima hii ni volkano. Mlima Kyejo ulimwaga lava takribani mwaka 1800, na Wanyakyusa waliendelea kusimuliana tukio hilo. Ardhi yake bado hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo hukusanywa na kuuzwa. Mojawapo ya kazi zake ni kutia povu kwenye soda. Katika mto Kiwira, lava iliyoganda imebaki kama upinde juu ya maji: ndilo Daraja la Mungu. Ziwa Ngozi nalo limekaa ndani ya shimo la volkano, na kulifikia ni kupanda kwa miguu msituni, hivyo wazee wenye magoti mabovu wabaki wanywe chai Tukuyu. Mvua huko ni nyingi, hadi karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Bila mwavuli mtalowa.

Matema

Barabara inaishia Ziwa Nyasa, lenye kina cha takribani mita 700 na aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Milima ya Livingstone hushuka moja kwa moja majini. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu kwa mkono, bila gurudumu, kisha huvipakia kwenye mitumbwi kuvileta mnada wa Lyulilo. Nunueni hapo, kwa mfinyanzi mwenyewe.

Na katika ziwa hili, Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliipiga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli. Nahodha wa Kijerumani alimfuata kwa hasira nahodha Mwingereza wa Gwendolen, aliyekuwa rafiki yake, akiuliza kama amerukwa na akili. Habari ya kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa bado haijamfikia.

Mkipanga safari, tengeni wiki ya likizo, chagueni dereva anayekubali kusimama, na kila kituo mlipeni mwongozaji wa kijiji, kwa kuwa yeye ndiye anayejua habari ambazo bango halina. Na muwapishe watoto wakae dirishani.