Mtafiti wa Afya Anapoomba Mazungumzo

Baadhi ya familia hupokea barua au simu ya kuwaalika kuzungumza na mtafiti wa afya. Mwaliko huo huzua maswali ya haki: nani anauliza, kwa nini, na maneno yatakwenda wapi?

Kazi hii huitwa utafiti wa kimaelezo. Mtafiti hapimi damu wala hahesabu wagonjwa. Huketi na watu wachache, mmoja mmoja au katika kikundi, akawasikiliza kwa utulivu. Hesabu zaweza kuonyesha kwamba kina mama kadhaa hawakufika kliniki ya wajawazito. Haziwezi kusema kama kilichowazuia ni nauli, zamu za kazi, au kukosa mkunga wa kike.

Mfano ulio karibu na wengi watokao Kongo ni mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walifariki. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza, hivyo mazishi yalifanywa na vikosi vyenye mavazi ya kinga, na maiti kutiwa ndani ya mfuko. Baadhi ya familia zilikataa, na mara nyingine wazikaji walishambuliwa. Ingekuwa rahisi kuuita huo ujinga. Lakini watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliandika yale waliyoambiwa na wananchi, ikabainika kuwa wengine walishuku kwamba mfukoni hamna maiti wao, au kwamba viungo vyake vimeondolewa. Nani angekubali kuzika asichokiona? Ikaletwa mifuko yenye sehemu ya plastiki angavu, ndugu wakaweza kuuona uso wa marehemu wao. Badiliko hilo lilitokana na maneno ya wafiwa, si na hesabu ya vifo.

Anayealikwa hupewa maelezo na fomu ya ridhaa, naye ana haki ya kufafanuliwa yote kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi. Aweza kukataa, kuruka swali, kuomba mtafiti wa jinsia yake, au kujitoa katikati, na matibabu yake hayataathirika. Mazungumzo hayarekodiwi bila idhini yake, wala jina lake haliandikwi katika ripoti. Siri hiyo ina mpaka: mtafiti akisikia kwamba mtoto au mtu mwingine yumo katika hatari kubwa, huenda akalazimika kuwaarifu wahusika.

Mkalimani naye ni jambo la kuangaliwa. Mtoto asifanywe mkalimani, hata akiwa hodari wa Kiingereza, kwani yapo ambayo mama hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe. Isitoshe, Kiswahili cha Bukavu si kile cha Unguja, na mshiriki aweza kuomba mkalimani anayekijua cha kwao. Mtu akisema “moyo unaniuma,” huenda ni huzuni ya msiba. Huenda pia ni maumivu ya kifua yanayohitaji daktari siku hiyo hiyo. Mkalimani makini huuliza tena kabla ya kutafsiri.

Aliyekwisha kuzungumza kisha akajutia alilosema aweza kuomba liondolewe. Ni vyema afanye hivyo mapema, kabla ripoti haijaandikwa, kwa kupiga simu kwenye nambari iliyo katika karatasi ya maelezo. Kwa hiyo karatasi hiyo isitupwe.